Chumvi ya Nyongeza

Liège, Jumapili, mvua imekatika

Mama yangu,

Kabla hujauliza: ninakula, ninalala, na vile viatu ulivyoniambia ninunue nimevinunua, havipitishi maji. Sasa ni zamu yako kunijibu. Goti linaendeleaje asubuhi unapoinuka kwenye mkeka? Lile bati la jikoni lililokuwa linavuja, kaka yangu Yaya Saidi ameshaligonga misumari, au bado anasema kesho? Na mvua ya huko Kasongo, imeacha chumvi yako ikauke, au inalia ndani ya gunia kama ilivyolia mwaka ule barabara ilipokatika? Najua majibu yatachelewa kunifikia. Lakini nikikuuliza naona kama nimekaa mlangoni kwako, nakusubiri umalize kufunga kilemba.

Sauti yako uliyorekodi niliipata. Yaya Saidi aliituma alipofika Kabambare, pale kilimani anapopanda na pikipiki kutafuta mtandao. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Nyuma yako nilimsikia mbuzi wa jirani, nikasikia mtu anaomba kopo la chumvi, nikakusikia ukimjibu, "Ngoja, ninaongea na mutoto yangu." Halafu ukasema, "Mauwa, ile karatasi ya kazi…" na hapo ikaingia pikipiki, maneno yako yote yaliyofuata yakafunikwa. Nadhani ulitaka kujua kama mwenye duka ametia sahihi mkataba mpya. Habari hiyo ndiyo ninayokuandikia. Tulia, nitafika huko, lakini siwezi kuanza na mwisho, kwa sababu mwisho wenyewe sijui niufurahie vipi.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako inalala kwa mtu wa kuchaji betri, na ujumbe wangu husikilizwa na benchi zima la wanaosubiri kabla haujakufikia. Mara ya mwisho nilikuambia nimetokwa na upele mkononi, na baada ya siku chache Yaya akaniambia watu wa Wamaza wanauliza kama upele umepona. Mambo ya leo sitaki yafike Wamaza. Kuna bwana wa Kindu anayesafiri wiki hii, amekubali kuibeba barua. Isome ukiwa peke yako.

Najua bado sokoni wanakuuliza binti yako anauza nini Ulaya, nawe unajibu samaki, na mnaishia hapo. Hata Yaya Saidi alinipigia siku moja kutoka njiani.

"Dada," akasema, "miye nimebeba chumvi ya Mama kuipeleka Wamaza, watu wananiuliza: dada yako anauzaka samaki gani, ya moshi ao ya chumvi? Niwaambie nini?"

"Waambie ya kutazama."

"Ya kutazama? Haikuliwe?"

"Hailiwi, Yaya."

"Hata kidogo? Na mafuta ya mawese kidogo, na pilipili?"

"Mmoja wao ana bei ya gurudumu la pikipiki yako."

"Basi hiyo haiko samaki," akasema. "Hiyo iko mugeni."

Nilicheka siku ile, lakini alisema kweli. Ni wageni. Wanatoka bahari za mbali kwa ndege, kila mmoja ndani ya mfuko wake wa maji, wanaingia nyumba za watu hapa na wanapaswa kukuta kila kitu kama kwao: joto kama la kwao, mwanga kama wa jua lao, na maji yenye chumvi kama ya kwao, si zaidi, si pungufu. Watu wanaopenda jambo hili hutengeneza bahari ndani ya sanduku la kioo na kuiweka sebuleni. Maji ni ya bomba, yaliyochujwa. Chumvi inatoka dukani kwetu, na si kama yako ya jikoni, ina madini mengi ndani yake. Unachanganya kwenye ndoo, unapima, unamimina. Mimi niliyekulia mbele ya meza yako ya chumvi nimekuja hadi huku kuuza chumvi, Mama, na bahari yenyewe bado sijaiona hata kwa mbali.

Mwenye duka anaitwa Bwana Gérard. Ni mtu mkubwa wa mwili, mchache wa maneno, na vidole vyake vimepasuka kwa chumvi kama vyako. Hajawahi kunipandishia sauti, na bado namwogopa. Naogopa mambo mengi hapa, nadhani umeshajua. Naogopa kengele ya mlango, naogopa bahasha za serikali zenye dirisha, naogopa wakaguzi wa treni hata nikiwa nimeshika tiketi mkononi. Lakini zaidi ya vyote niliogopa mwisho wa mkataba. Bila mkataba mpya hakuna kadi mpya ya kukaa, na bila kadi nitarudi. Si kwamba sitaki kurudi nyumbani. Hakuna siku ninayoamka bila kutaka. Lakini nataka kurudi kwa miguu yangu, si kwa kusukumwa, baada ya wewe kuuza shamba la mpunga la marehemu Baba ili nisafiri.

Na duka limekuwa likikonda mbele ya macho yangu. Nilipofika, siku ya Jumamosi watu walijaa, wanabishana kuhusu taa na pampu kama wanaume wa kwetu wanavyobishana kuhusu mpira. Kisha umeme ukapanda bei. Sanduku la bahari haliwezi kuzimwa, Mama. Pampu ikisimama, maji yanakufa, na vilivyomo vinakufa. Chumvi ikapanda. Nauli ya ndege ya wale wageni ikapanda, na samaki waliokuwa wa watu wa kawaida wakawa wa matajiri. Watu wakaanza kurudi na ndoo mikononi, wamembeba samaki waliyemnunua kwetu, wanauliza kama tunaweza kumchukua bure, kwa sababu bili imekuja. Wanaume wazima, wanageuza uso ukutani wakimwaga samaki wao.

Waliobaki wanakuja, wanatazama, wanauliza, halafu wananunua kwenye simu. Hili sikulielewa mwanzoni. Kijana mmoja alikuja akaniuliza ni pampu ipi inamfaa. Nilimweleza vizuri, nikamfungulia boksi, nikamwonyesha upande wa kuingiza maji na upande wa kutoa. Akapiga picha ya boksi. Akasimama palepale karibu na mlango, kidole kinatembea kwenye simu, kisha akanigeukia anatabasamu.

"Nimeipata kwa bei ya chini. Itafika kesho nyumbani," akaniambia, kama mtu anayempasha ndugu yake habari njema. "Ikifika naweza kuja unielekeze jinsi ya kuifunga?"

Nikamwambia karibu. Ningesema nini, Mama? Mtu akikuomba njia utamnyima?

Alipotoka, Bwana Gérard akajitokeza nyuma ya vioo. "Umemwambia karibu?"

"Ndiyo, bwana."

"Mauwa, unalifanyia kazi duka la mtu mwingine, na mshahara unaupokea kwangu." Akarudi kwa samaki wake. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

Ndipo akatafuta njia. Kwa kuwa watu hawakuweza tena kununua gunia zima la chumvi, aliamua tuuze mifuko midogo: mfuko mmoja kwa ndoo moja ya maji, chumvi imepimwa tayari, mtu hana haja ya mzani. Kwenye mtandao hawakuuza hivyo, kwa sababu kusafirisha mfuko mdogo ni ghali kuliko mfuko wenyewe. Na kweli, watu wakaanza kurudi kidogo kidogo. Kazi ya kupima aliniachia mimi, akijua nimesoma kemia. Akaniambia pia, "Tukivuka majira haya ya baridi nitakutilia sahihi. Tusipovuka, nitatia sahihi ya nini?" Tangu siku hiyo nilihesabu kila mteja anayeingia kama unavyohesabu wewe matone ya dari wakati wa mvua.

Sasa nifike pale ninapoona aibu.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikaa mbele ya meza yako baada ya shule. Mtu anakuja na kopo, unajaza, unasawazisha juu kwa ubao, unamimina kwenye mfuko wake, na watu wa mji mwingine wangedhani biashara imekwisha. Lakini mtu haondoki. Amesimama. Hata mtoto mdogo aliyetumwa na mama yake anasimama, anatazama mkono wako. Ndipo unachukua vidole vitatu vya chumvi na kumtilia juu. Siku ile bei ilipopanda kwa sababu ya barabara, nilikuuliza kwa nini usiache nyongeza hadi malori yafike. Ukaniambia, "Mauwa, kipimo iko ya soko, nyongeza iko ya mutu." Nililala na neno hilo, na nilisafiri nalo bila kujua.

Basi nikawatazama wateja wetu na simu zao, nikafikiri kama mtu aliyesoma biashara: simu ina bei ya chini, simu haichoki, simu haifungi Jumapili. Simu haina kitu kimoja. Haiwezi kutoa nyongeza. Nikajiambia nimepata dawa ya duka hili, na dawa ya karatasi yangu.

Sikumwomba ruhusa Bwana Gérard, kwa kuwa kwetu nyongeza haiombewi ruhusa. Mteja akishalipa, nilikunjua mdomo wa mfuko wake, nikachota chumvi kwenye ndoo iliyo wazi pembeni, nikamtilia. Vidole vitatu ni vya kopo. Kwa mfuko niliona aibu kutoa vidole vitatu, nikatoa kiganja kizima. Wengine hawakuona. Wengine waliinua macho wakanitazama, kisha wakatabasamu. Na walirudi, Mama. Sisemi uongo, walirudi. Nilianza kulala vizuri.

Najua utasema, wewe si ulisoma? Nilisoma. Mwalimu Idi aliyenifundisha kemia angejificha uso. Ule mfuko ulikuwa wa ndoo moja. Kila nilichoongeza juu kiliingia ndani ya ile bahari. Kwako chumvi ikizidi, mpishi anaongeza majani ya sombe kwenye sufuria. Hapa samaki hana mahali pa kwenda.

Wengi wa wateja wana kifaa cha kupimia, kama darubini ndogo ya jicho moja, wakaona maji yamekolea, wakapunguza wenyewe. Lakini kulikuwa na Madamu Odette. Ni mjane mzee, anaishi ghorofa ya juu kabisa kwenye nyumba isiyo na lifti. Sanduku la bahari lilikuwa la mumewe. Yeye hakulipenda mumewe alipokuwa hai, alisema lina kelele. Alipofariki akashindwa kulizima. Kifaa hana uhakika jinsi ya kukisoma, kwa hiyo aliamini mfuko. Mfuko mmoja, ndoo moja.

Alikuja siku moja amebeba maji ndani ya chupa ya jemu. "Samaki wa mume wangu anahema," akasema. "Na kamba mmoja amelala ubavu."

Bwana Gérard alidondosha maji kwenye kile kifaa, akatazama, akakifuta, akatazama tena. "Madamu, chumvi imezidi sana. Maji yakikauka huongezi ya bomba?"

"Naongeza kila asubuhi."

"Basi unakosea ndoo."

"Ndoo ni ileile niliyonunua hapa." Sauti yake ilishuka. "Labda nakosea. Siku hizi nakosea vitu vingi."

Akanitazama mimi, kama mtoto aliyeambiwa amevunja sahani na hana uhakika kama kweli ameivunja. Mama, sikuwa na ushujaa wowote. Ila sikuweza kumwacha bibi wa watu aondoke akiamini akili yake imemponyoka.

"Bwana," nikasema, "ndoo yake ni sahihi. Ni mimi."

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, kwa sababu Kifaransa changu hukimbia nikiogopa. Bwana Gérard akachukua mfuko mmoja, akaupima, ukawa sawasawa.

"Mbona huu umepimwa vizuri?"

"Naongeza mteja akishalipa."

"Unaongeza nini?"

"Nyongeza."

"Zawadi?"

"Hapana, bwana. Zawadi unampa unayemtaka. Nyongeza ni ya mnunuzi. Usipompa, umemnyang'anya."

Aliweka mikono yake miwili juu ya kaunta. "Hakuna kitu humu ndani kilichopanda bei kama chumvi," akasema polepole, "na wewe ulikuwa unaigawa." Kisha akasema jambo ambalo bado nalisikia: "Baharini hakuna nyongeza, Mauwa. Ikipungua inaua, ikizidi inaua."

Madamu Odette alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Ngoja," akasema. "Kwa hiyo kila mara ulinipa zaidi?"

"Ndiyo, Madamu. Nisamehe."

"Na hukusema?"

"Kwetu haisemwi."

Akatikisa kichwa. "Nilipokuwa mdogo, mwuza nyama wa mtaa wetu alikuwa akinikatia kipande cha soseji juu ya nyama ya mama. Nilikuwa nakwenda kwa ajili ya kile kipande." Akakunja mikono mapajani. "Sasa nyama yangu inaletwa ndani ya boksi. Mjukuu wangu ananiagizia kwa simu kutoka huko aliko. Chakula, sabuni, balbu, vyote vinaachwa chini mlangoni. Ananitumia kila kitu yule mtoto. Hajanitumia mtu."

Bwana Gérard alifunga chupa ya jemu, akampa maji safi yasiyo na chumvi bila malipo, akaniambia, "Wewe utakwenda kwake uishushe chumvi ya yale maji. Taratibu. Ukiishusha haraka utawaua mara ya pili." Kuhusu mkataba hakusema neno, nami sikuthubutu kuuliza.

Ndiyo maana Jumapili zangu siku hizi ziko kwa Madamu Odette. Napanda ngazi na ndoo. Natoa maji ya chumvi kikombe kimoja, natia maji matamu kikombe kimoja, tunasubiri, natoa kingine. Ni kazi ya kukaa kimya. Kamba mmoja alikufa, tulimkuta asubuhi ya kwanza amepauka. Mwenzake alipona. Samaki alipona pia, mwekundu wa rangi ya chungwa, ana mistari myeupe, mzee kuliko samaki wote niliowahi kuwaona. Madamu amempa jina la shemeji yake, kwa sababu, anasema, wote wawili hula kisha hujificha.

Mara ya kwanza nilishangaa kumkuta amevaa koti ndani ya nyumba. Nilidhani anatoka. Kumbe amezima joto la chumba chake ili bili imtoshe kupasha maji ya samaki. Nami sikuvua langu. Tunakaa mbele ya kioo, wanawake wawili na makoti yetu, na mwenye joto ni samaki. Hunipa supu. Haina chumvi, Mama, daktari amemkataza. Naimeza na kushukuru. Tukimaliza anasema, "Haya, niambie tena kuhusu meza ya mama yako," nami namwambia. Ameuliza goti lako. Usione wivu, simwiti mama.

Sasa niseme kuhusu karatasi.

Mwisho wa mwezi Bwana Gérard aliniita nyuma. Masanduku mawili makubwa ya mbele yalikuwa yameshazimwa, na yalikuwa na vumbi la chumvi tu chini. Nilijua ananifukuza. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumshukuru, ili nisilie.

Hakunifukuza. Alisema hatuwezi kuvuka majira ya baridi tukiwa na mlango wazi na taa zote hizi. Samaki waliobaki amempa rafiki yake wa mji mwingine. Duka la barabarani amelifunga. Amekodi ghala dogo nje ya mji, nyuma ya kiwanda cha matofali, na tutauza chumvi na vifaa kwa mtandao, kama wale wengine. "Wanatumaliza kwa njia hiyo," akasema, "basi na sisi tupite huko huko." Kisha akatoa mkataba wangu. Alikuwa ameshatia sahihi.

"Bwana, na ile chumvi?" nikamwuliza.

"Nimeona waliorudi," akasema. "Nimeona pia walichorudia, na haikuwa bei. Lakini ghalani hutamwona mtu wa kumwongezea."

Basi, Mama, jibu la swali lako ni ndiyo. Karatasi imetiwa sahihi. Nitapata kadi. Waambie ndugu, lakini tafadhali usiwaambie nimepandishwa cheo, ingawa utasema tu, nakujua. Nitakachotuma kitakuwa kidogo zaidi kwa muda, nauli ya kwenda ghalani ni kubwa. Nilipaswa kufurahi, na siku ya kwanza nilifurahi kweli, nilitembea hadi mtoni nikaimba ule wimbo wako wa kutwanga.

Ila sasa niko ghalani. Kuna mashine inayopima chumvi na kuufunga mfuko mkubwa kwa moto, hakuna mdomo wa kukunjua. Mimi naweka mfuko ndani ya boksi, nabandika jina la mtu, naliweka boksi juu ya mengine. Majina ni mazuri, huwa nayasoma kwa sauti. Hakuna anayeingia. Wakifurahi wanatuma nyota tano kwenye kompyuta, wakikasirika wanatuma nyota moja. Bwana Gérard anakuja jioni kuchukua maboksi, anauliza kama kuna tatizo, nasema hakuna. Siku nyingine sauti yangu inakwaruza ninapomjibu, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza naitumia tangu asubuhi. Mifuko midogo hatuuzi tena. Ya Madamu Odette naipima mwenyewe, sawasawa, wala si zaidi, na nampandishia Jumapili.

Nisalimie Yaya Saidi, na umwambie afunike chumvi kwa turubai mbili akivuka mto Luama, si moja, na asiendeshe kwenye utelezi kwa ajili ya wateja. Nisalimie Shangazi Amina anayekukandia goti. Mwambie mafuta aliyonipa yameisha lakini chupa ninayo, nainusa. Nisalimie Bibi Sakina huko Kabambare, na yeyote atakayemsalimia amsalimie kwa lugha yetu ya Kibangubangu, nisije nikasemwa nimesahau. Na Mwalimu Idi, ukimwona barabarani, mwambie tu kwamba binti yake wa kemia anamheshimu. Haya mengine usimwambie.

Jambo la mwisho, Mama, na ndilo lililonifanya nikae kuandika. Pale ghalani, mashine ikishafunga mfuko, mkono wangu bado unainuka. Unabaki hewani, hauna pa kwenda, kisha naushusha. Siku utakayopata barua hii, mtu wa kwanza atakayesimama mbele ya meza yako, hata akiwa mtoto, mpimie kopo lake, mtilie vidole vitatu vyako. Halafu asiondoke. Mtilie na vyangu.

Mimi binti yako,
Mauwa